Boksi la Dundu

Kwao neno dundu lilikuwa na kazi mbili. Kwanza lilimtaja yule mdudu mweusi anayeviringisha mavi ya ng'ombe, ambaye kaka mtu alimthamini kuliko wageni wengi waliowahi kukanyaga nyumba yao. Pili, lilikuwa jina la dada mtu. Alipewa akiwa na miaka minne, siku alipotoka mlangoni, akakata uwanja, akaivaa kamba ya nguo, akaing'oa pamoja na mashuka yote na kuendelea na safari yake bila kugeuka. Mama yake, badala ya kumchapa, alicheka mpaka akaketi chini. "Huyu si mtoto," alisema, "huyu ni dundu." Jina likaganda. Sasa dada mtu alikuwa na miaka thelathini na sita, na hata kwenye simu yake mwenyewe alijiandika Dundu. Laiti angejiandika jina la cheti, mdomo wa kaka yake usingevimba.

Kutulia kulikuwa kumemshinda tangu hapo. Alishona nguo, akaacha. Alisuka watu nywele miaka miwili, akaondoka mjini huku mteja wake wa mwisho amesukwa nusu kichwa, ingawa hilo la nusu kichwa ni la kaka yake, naye hutia chumvi. Aliolewa, kisha akaachika au akaacha, inategemea unamuuliza nani. Miezi minane iliyopita alirudi kwa mama yake na begi moja na wazo moja, nalo wazo lilikuwa kitalu cha nyanya. Aliomba kipande cha ardhi kilichokuwa kati ya jiko na zizi, akasimamisha nguzo, akavalisha nailoni juu na pembeni, akapanda miche mia moja na ishirini.

Tatizo ni kwamba kaka yake alikuwa amekipigia mahesabu kipande hichohicho. Alitaka kujenga banda la ndama. Fito na nguzo alikwisha kuzikata, zimeegemea ukuta wa zizi, na kila Dundu alipopita pale aliziona zikimngoja.

Mama ndiye mwenye ardhi na ndiye mwenye neno la mwisho. Aliwaketisha wote wawili mezani.

"Jumamosi, wiki tatu kuanzia leo, nitaingia mle ndani," alisema. "Nikikuta nusu ya mashina yamefunga matunda, hata yakiwa madogo kama punje za pilipili manga, kitalu kinabaki. Nisipoyakuta, nailoni inashuka na ndama wanaingia. Na sitaki mtu aninunie."

"Nusu ya mashina ni sitini," alisema kaka mtu, kana kwamba kuna aliyeshindwa kugawa.

"Najua ni sitini," alisema Dundu.

Alichokijua zaidi ni kwamba maua yalikuwa yanadondoka. Ua la mnyanya huficha unga wake ndani ya kijibomba, na unga hautoki mpaka ua litikiswe. Nje upepo huifanya kazi hiyo bure. Ndani ya nailoni hakuna upepo, kwa hiyo Dundu ndiye aliyekuwa upepo. Alinunua mswaki wa betri, ule unaotetemeka wenyewe, na kila asubuhi alipita shina kwa shina akiugusisha nyuma ya kila kishada cha maua, zzz, zzz, zzz, mpaka mkono ukafa ganzi kuanzia kidoleni hadi begani. Akifika shina la mia na ishirini, yale ya mwanzo yamekwisha kufungua maua mapya. Jioni aliyakuta mengine chini, manjano na makavu, akayafagia kwa mguu upesi kabla mama yake hajapita. Usiku alijilaza akihesabu mashina badala ya kulala.

Ndipo alipoagiza nyuki bambi. Hawa si wale nyuki wembamba wa asali. Ni wanene, wana manyoya meusi yenye mishipi ya manjano na mkia mweupe, na sifa yao kubwa ni kwamba wanajua kutikisa. Hulining'inia ua wakiwa wamelishika kwa meno, wakatetemesha mwili mzima, unga ukamwagika. Mfugaji mmoja wa wadudu alikuwa akiwauza kwa boksi, malkia na wafanyakazi wake kama themanini. Na kwa kuwa mfugaji huyohuyo aliuza pia dundu wa mavi, Dundu akamtajia kaka yake. Mwaka uliopita kaka mtu aliwapa ng'ombe dawa ya minyoo, dawa ikatoka na mavi, mavi yakawaua dundu wote wa malishoni. Tangu hapo mavi yalikaa pale yalipoanguka, yakakauka yakawa kama sahani, na majani chini yake yakafa. Kaka mtu aliagiza siku hiyohiyo.

Maboksi yalifika Jumanne saa nne asubuhi, kwenye gari moja. Dundu hakulisikia gari kwa sababu ya mswaki. Kaka yake alilisikia. Dereva alimshushia maboksi mawili yanayofanana kama pacha, yote ya kadibodi na yote yametobolewa matundu ya hewa. Moja lilikuwa na namba ya simu tu, na kaka mtu hakuwahi kuijua namba yake mwenyewe kwa kichwa. La pili liliandikwa kwa wino mnene: DUNDU.

Nani angesita? Alilibeba lile la DUNDU mpaka malishoni. Lile jingine aliliweka mlangoni pa kitalu, tena kivulini, maana si mtu mbaya.

Dundu alitoka dakika chache baadaye kunyoosha mgongo, akaliona boksi, na moyo ukamruka. Alikuwa ameisoma karatasi ya maelekezo kwenye simu mpaka anaiota. Weka boksi mahali tulivu. Subiri saa moja nyuki watulie. Sukuma kilango. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye kadibodi ili asikie mvumo.

Hakusikia mvumo. Alisikia kukwaruza.

Akakifungua kifuniko kidogo tu. Ndani kulikuwa na udongo wenye unyevu, na katikati ya udongo akatoka mmoja mweusi, mpana, kichwa chake kimebapa kama koleo, akaanza kupanda ukuta wa boksi kwa bidii zote, akaanguka chali, akapiga miguu hewani. Dundu alimtazama muda wa pumzi moja. Kisha akakumbuka jina alilojiandika kwenye oda.

Alikimbia. Alipita jikoni, akaruka kijaruba cha mboga cha mama yake, hakukiruka vizuri, akapita penye nguzo za banda la ndama na kuingia malishoni huku kandambili moja imebaki nyuma.

Kaka mtu alikuwa amefanya kila kitu kwa mpangilio. Aliliweka boksi juu ya jiwe bapa, kando ya mavi mabichi kabisa, ili dundu wakitoka wakute meza imeandaliwa. Akasukuma kilango. Hakuna aliyetoka. Akainama, akachungulia. Hakuna. Kwa hiyo akafanya lile ambalo karatasi ya Dundu ililikataza kwa herufi kubwa: akalitikisa.

Dada yake alimkuta amesimama hatua thelathini kutoka kwenye jiwe, kofia imemfunika uso, mkono mmoja sikioni na mwingine mdomoni.

"Dundu wananiuma!" alipiga kelele kutoka ndani ya kofia.

"Hao si dundu! Hao ni nyuki wangu!"

"Boksi limeandikwa Dundu!"

"Dundu ni mimi!"

Kaka mtu aliishusha kofia taratibu. Mdomo wa juu ulikuwa umeanza kufura upande mmoja. Alimwangalia dada yake, akaliangalia boksi, na ungeweza kuona neno lile moja likigawanyika mawili kichwani mwake.

"Na wangu wako wapi?" aliuliza.

"Mlangoni kwangu. Wanakwaruza."

Juu ya jiwe nyuki wa mwisho walikuwa wakitoka mmoja mmoja. Dundu alitaka kulidaka boksi, alifunge, alikumbatie, alikimbize kitaluni na wote watakaokuwa wamebaki ndani. Mikono ilikwisha kunyooshwa. Kisha akaona walivyokuwa wakiruka, mikono ikabaki hewani.

Nyuki akitoka hakwenda zake. Alikuwa anageuka, anaelekeza uso kwenye boksi, anayumba kushoto na kulia mbele ya kilango, kisha anarudi nyuma kidogo, anayumba tena kwa upana zaidi. Hiyo nayo ilikuwemo kwenye karatasi. Nyuki bambi akitoka mara ya kwanza hupasoma kwanza alipotoka, jiwe liko vipi, mti uko upande gani, ndipo aende. Akishapasoma, huyo atarudi pale pale. Ukilihamisha boksi mchana, hata kwa hatua kumi, atarudi mahali patupu na kuzunguka hapo mpaka nguvu zimwishie.

"Libebe basi boksi lako uende," alisema kaka mtu. "Saa sita naleta ng'ombe huku."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Wamekwisha kupajua hapa. Ni lazima nisubiri mpaka jioni, wote warudi." Alinyoosha kidole, pole pole, akakisukuma kilango kwenye alama ya pili, ile ya kuingia tu: anayekuja anapita, anayetaka kutoka hapiti. "Wakipotea hawa, kaka, mashina sitini hayafiki. Unalijua hilo. Ng'ombe wapeleke upande wa mto. Nakuomba."

Kwa kawaida kaka mtu angebishana mpaka jua lichwe. Lakini mdomo ulimpa taabu kila alipotamka herufi yoyote ya maana, akaondoka.

Kwa hiyo Dundu akakaa. Semeni mtakavyo juu yake, lakini hakuna kazi iliyowahi kumtesa kama ile. Alikaa juu ya nyasi, akasimama, akakaa. Alichukua kijiti, akawa anachora mstari ardhini kwa kila nyuki anayeingia. Saa sita alikuwa na mistari minne. Alitikisa goti. Alikwenda kuitafuta kandambili, akarudi mbio akiogopa amekosa kuhesabu. Alifikiria kule kitaluni, maua yaliyofunguka leo, mswaki uko chini kwenye udongo hauna mtu. Alifikiria kwamba pengine hawatarudi. Kwa nini warudi? Malisho yalijaa maua ya porini, jua limetulia, na boksi walilijua kwa robo saa tu. Yeye mwenyewe angekuwa mbali saa hizi.

Mama yake alikuja saa nane na chai kwenye chupa, na kiti begani. Alikiweka kiti karibu na Dundu, akakipiga kofi.

"Kaa. Nyasi zitakutia baridi."

"Nimekaa, Mama."

"Umechuchumaa. Hujawahi kukaa wewe." Alimtazama mtoto wake, akaitazama ile mistari. "Ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Kati ya?"

"Themanini hivi."

Mama aliguna, akamimina chai. Mama akarudi nyumbani kuanika nguo zake, kwenye kamba iliyofungwa juu tangu miaka thelathini na miwili iliyopita.

Saa tisa kaka mtu alitokea na boksi lake halali. Mdomo sasa ulikuwa umemtangulia. Alilimwaga boksi taratibu kando ya yale mavi, akakaa chini, mbali kidogo na nyuki, na kwa muda wote wawili walikuwa na kitu cha kutazama.

Dundu wa mavi hakupoteza wakati. Mmoja alizama mpaka kiunoni, akakata donge, akalifinyangafinyanga kwa miguu, na kabla robo saa haijapita alikuwa na mpira mkubwa kumzidi yeye mwenyewe. Alipanda juu yake, akajizungusha, akatazama juu, akajizungusha tena.

"Anasoma jua," alisema kaka mtu. Alilitamka "jua" kama mtoto wa miaka miwili.

Mdudu alishuka, akainamisha kichwa, akaushika mpira kwa miguu ya nyuma na kuanza kuusukuma kinyumenyume. Alikwenda moja kwa moja. Akakuta jani, akapita juu. Akakuta kijiti, akaanguka, akapanda juu ya mpira kulitazama jua tena, akaendelea na mstari uleule. Nyuma yake mavi, nduguze na boksi vilibaki, hakuvihitaji.

"Na huyu harudi," alisema Dundu.

"Arudi kufanya nini? Akae awaone wenzake wamnyang'anye? Huyu akishachukua chake ni kwenda tu." Kaka mtu aligusa sikio lake. "Wako anatoka akiwa ameangalia nyumbani. Wangu anatoka amegeuza mgongo. Ndiyo maana uliitwa Dundu, si nyuki."

"Unanisimanga?"

"Nasema nilichokiona. Siku unaondoka kwenda kwenye cherehani zako, Mama alisimama mlangoni mpaka gari likapotea. Halafu akaendelea kusimama. Nilikuwa nyuma yake. Hukugeuka hata mara moja."

Nyuki mmoja aliingia, miguu yake ya nyuma imepakwa unga wa njano. Dundu alichora mstari.

"Ningegeuka nisingeondoka," alisema.

Kaka mtu hakuwa amelitarajia hilo. Alichuma jani, akalichana vipande. Kule mbele dundu wake alikuwa amesimama. Alikwaruza ardhi, akaisukuma, akachimba, na taratibu mpira ukaanza kuzama.

"Lakini akipata pa kuchimba," alisema kaka mtu, kama mtu anayejibu swali ambalo halijaulizwa, "huyo hatoki. Anajifukia na mpira wake, humwoni tena."

"Nimechimba mimi, kaka. Miezi minane. Mashimo mia na ishirini. Wewe ndiye unayetaka kunivua nailoni." Alikigonga kijiti ardhini. "Naogopa. Unasikia? Nimeacha vitu vingi lakini sijawahi kuogopa kukiacha kitu. Hiki nakiogopa."

Kaka mtu aliinuka, akapangusa suruali, akaenda kuwarudisha ng'ombe kwa njia ya mbali, ile inayozunguka mti mkubwa, ambayo kila siku hulalamika kwamba inawachosha.

Jioni nyuki walianza kurudi kwa makundi. Wawili, watatu, mmoja, wanne. Walikuja chini chini, wazito, wakaligonga boksi, wakakipata kilango. Jua lilipogusa ukingo wa malisho, Dundu alikuwa na mistari sitini na moja. Alisubiri mpaka asione tena ncha ya kijiti chake. Sitini na moja. Aliwangoja wengine kwa moyo wote, akaita hata, jambo la kipuuzi, maana nyuki haitwi. Umande ukaanza kushuka. Karatasi ilisema malkia asipigwe na baridi.

Alilibeba boksi peke yake, hatua kwa hatua, ameliweka kifuani kama anayebeba sufuria ya maji ya moto. Mara mbili alisimama, akageuka kulitazama jiwe.

Usiku huo hakuhesabu mashina. Aliwahesabu wale ambao hawakurudi.

Alfajiri, kabla hata kahawa haijachemka, alikuwa kitaluni amekisukuma kilango. Nyuki wa kwanza alitoka, akageuka, akayumba kushoto na kulia, akapasoma: nguzo, ndoo, kishada cha kwanza, mwanamke aliyechuchumaa. Kisha akaenda, akaling'ang'ania ua, akaning'inia kichwa chini. Zzz. Sauti ilikuwa ileile ya mswaki, isipokuwa hii haikuhitaji bega la mtu. Alipotoka aliacha alama ndogo ya kahawia kwenye kijibomba cha ua, palipoumwa. Dundu alipita upesi kwenye shina la pili, la tatu, la tisa, akitafuta alama ya kahawia. Alikuwa amefika la kumi na saba aliposikia mtu mlangoni.

"Dundu!"

"Dundu wako malishoni," alijibu bila kuinua kichwa.

"Namwita wa nyumbani."

Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni pa kitalu, ambamo hakuwahi kuingia tangu nailoni ipande. Nguo zililowa umande mpaka magotini. Mdomo ulikuwa umefura kama mkate. Kofia yake aliishika kwa mikono miwili, imekunjwa mdomo, na alitembea nayo kama mtu aliyebeba mayai.

"Nimepita kwenye jiwe nikienda kukamua," alisema. "Walikuwa pale. Juu ya jiwe, hapo hapo boksi lilipokuwa, wamejipanga na umande mgongoni. Nikadhani wamekufa. Nimewapulizia pumzi." Aliifungua kofia kidogo. "Kumi na mmoja. Nimewahesabu."

Ndani ya kofia nyuki kumi na mmoja walikuwa wakitetemeka, manyoya yameshikana kwa maji, wakijipasha moto wenyewe. Dundu alisogea, akaliinamisha boksi, na kaka yake akawaacha watambae mmoja mmoja kutoka kwenye ukingo wa kofia mpaka kwenye kilango. Wa mwisho alipanda kwanza kwenye kidole gumba cha kaka mtu. Kaka mtu aliacha kupumua, lakini mkono hakuuondoa.

"Walilala pale usiku kucha," alisema kaka mtu baada ya wa mwisho kuingia. "Patupu. Na baridi lile."

"Ndivyo walivyo."

"Nimeona." Aliivaa kofia, akaivua, akaikung'uta, akaivaa tena. "Zile nguzo nimezihamishia upande wa pili wa zizi. Ndama wanataka kivuli. Huku jua ni kali mno."

Dundu alimtazama. Ilikuwa hata saa moja haijafika, ng'ombe wanalia hawajakamuliwa.

"Mama hajaja bado," alisema. "Mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Sitini."

"Mama atakuja ahesabu anavyohesabu. Mimi nimeshahesabu."

Machozi yalimtoka Dundu, naye hakujisumbua kuyaficha. Aliinama, akauokota mswaki wa betri kutoka kwenye udongo alikouangusha jana, akaufuta kwenye sketi, akampa kaka yake.

"Chukua," alisema. "Mimi siuhitaji tena. Anzia upande ambao haujavimba."

Kaka mtu alitaka kucheka, mdomo ukakataa. Akautia mswaki mfukoni, akaenda kukamua.